Mafuta ya Karafuu na Saratani ya Vifuko vya Mayai



Msimu huu tumeulizwa zaidi ya mara moja kama ni kweli mafuta ya karafuu huponya saratani ya vifuko vya mayai vya wanawake. Lau ingekuwa kweli tungekuwa wa mwanzo kuitangaza, maana bei yetu isingeshikika. Lakini si kweli, na yatupasa tueleze.

Uvimbe wa saratani usiozidi milimita 2, kadiri ya chembe ya ufuta, huishi kwa chakula kinachopenya kutoka nyama zilizo jirani. Kukua zaidi hauwezi mpaka upate mishipa yake ya damu. Basi hutoa kitu cha kuiita mishipa, nayo huchipuka kuuelekea, mfano wa mtu achimbaye mfereji usiku kuyavuta maji ya bonde la wenziwe. Daktari Judah Folkman wa Marekani alieleza mwaka 1971 kuwa mfereji huo ukizibwa uvimbe hudumaa. Katika saratani hii mishipa huvuja pia, na hiyo ni sababu moja ya tumbo kujaa maji.

Mimea imesaidia kweli. Gome la mti wa Taxus brevifolia, wa magharibi ya Marekani, lilichukuliwa kuchunguzwa mwaka 1962, likatoa paklitakseli. Dawa hiyo huzuia chembe za saratani zisigawanyike, na ikitolewa kidogo kidogo mara kwa mara huzuia na mishipa. Marekani iliiruhusu kwa saratani hii mwaka 1992. Hesabuni: miaka 30, na hapana mgonjwa aliyechemshiwa gome. Mti wa Afrika ya Kusini, Combretum caffrum, umetoa kombretastatini, iibomoayo mishipa ya uvimbe. Nayo imejaribiwa kwa wagonjwa, lakini haijawa dawa ya kawaida hospitalini.

Yujenoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta yetu, imejaribiwa juu ya chembe za saratani katika maabara. Ndipo ilipofika. Chembe zilizomo chupani hazina ini. Mama zetu wanalo, na mafuta haya yakinywewa huweza kuliharibu. Watoto waliomeza kiasi cha vijiko viwili vya chai wameugua vibaya. Tena yujenoli huzuia damu kuganda, na mwanamke mwenye ugonjwa huu aghalabu hupasuliwa. Chai ya karafuu na pilau havina neno. Twasema mafuta ya chupa.

Tunaloliogopa zaidi ni miezi inayopotea. Mwanamke ambaye tumbo limemjaa, anashiba kwa matonge machache, ana maumivu ya nyonga au anakwenda haja ndogo kila mara, na hali hiyo imeendelea kwa majuma, apelekwe hospitali bila kungoja karafuu zianuliwe. Nauli ikiwa ndiyo kikwazo, mwenyewe au mumewe aje azungumze nasi ofisini.