Muuguzi akimtibu mwasi
Swali: Binti yangu muuguzi amepata kazi Kivu Kaskazini, Kongo. Akimtibu mwasi, hatahesabiwa msaliti? — Mama, Ulemo, Singida

Jibu: Hapana, mama. Itifaki ya Pili ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, ambayo Kongo imeiridhia, inakataza kumwadhibu mhudumu kwa kutibu majeruhi wa upande wowote. Kinga humtoka akivuka kazi yake, mathalani kupitisha silaha kwa ambulensi. Kumshambulia mhudumu mwenye kinga kwa makusudi ni uhalifu wa kivita. Lakini, tusidanganyane, sheria haizuii risasi: Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani, aliyekuwa akipambana na Ebola, aliuawa hospitalini Butembo. Kabla binti yako hajasaini mkataba, amuulize mwajiri kuhusu bima, na nani atamtoa huko mambo yakichafuka.