Mume Hataki Nijue Mshahara Wake, Fomu Inauliza

Shikamoo Shangazi,

Nina watoto wawili, binti wa miaka 18 anayesoma na mvulana wa miaka 15. Tulitoka Fizi, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, sasa tuko Iowa. Mume wangu yuko kiwanda cha nyama, mimi nafua mashuka hotelini. Jumatatu naanza kazi mpya hospitalini, kufua vilevile, malipo yaleyale, ila zamu ni ya mchana. Wamenipa fomu ya kodi, ile W-4.

Mwaka jana kila mtu alijaza yake kazini kwake, na sote tuliandika watoto wote wawili. Cheki zikawa nzuri. Mwezi Machi tukaambiwa tunadaiwa dola 2,278. Siku hiyo, kwa mtu wa kututengenezea ritani ya kodi, ndiyo mara ya kwanza nikajua mume wangu analipwa dola 41,600 kwa mwaka. Mimi napata 35,360. Alinuna kama vile nimempekua mfukoni.

Sasa anataka niandike tena watoto wote, nimwongeze na mama yake aliye Nyarugusu, kwa kuwa tunamtumia pesa kila mwezi. Jirani naye anasema niandike kwamba nimesamehewa kodi, cheki itoke nzima. Anayetusomea fomu ni mwanangu wa kiume, na hata ile barua ya deni yeye ndiye aliyemsomea baba yake. Tangu hapo hawaongei vizuri. Nifanyeje?

Mama Neema, Iowa

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na mama mkwe, maana hapo ndipo patakapotoka maneno. Haandikwi. Sheria ya Marekani inataka mtegemezi awe raia wa huko au mkaazi kwa sheria ya kodi, na nje ya hapo wanaokubaliwa, karibu wote, ni wakaazi wa Kanada na Meksiko. Hata kama risiti za kumtumia pesa mmezijaza sanduku, Nyarugusu haimo. Pesa mtumieni, kwenye fomu msimtie. Na habari hiyo mwanawe ndiye ampe, si wewe mkamwana.

Jirani yako mshukuru, kisha usimsikilize. Anayeruhusiwa kuandika kwamba amesamehewa ni yule ambaye mwaka uliopita hakuwa na kodi ya mapato ya kulipa hata senti, na mwaka huu anatarajia hivyohivyo. Wewe barua ya deni unayo ndani, na fomu ile inatiwa saini chini ya kiapo. Isitoshe, hata aliyesamehewa kwa haki bado hukatwa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare. Cheki inayotoka nzima haipo.

Sasa hilo deni. Unaikumbuka kadi ya mgao kambini: kadi moja, watu wanne, unga wa watu wanne. Tuseme Baba Neema aliingia foleni hii na kadi, nawe ukaingia foleni ile na kadi hiyohiyo. Mwezi huo mngekula mkashiba, mpaka siku ya uhakiki. Ndicho mlichofanya. Mwaka 2025 mke na mume wanaojaza ritani pamoja walikuwa na dola 31,500 za mwanzo zisizotozwa kodi. Ni za familia nzima. Hoteli, isiyojua kwamba una mume mwenye kazi, ikakuhesabia nafuu ya familia nzima. Kiwanda nacho kikamhesabia mwenzako hivyohivyo. Juu yake watoto wakahesabiwa mara mbili, kodi ya mapato ikawa haikatwi. Machi mkahakikiwa.

Dawa yake iko Hatua ya 2 ya fomu hiyo. Pale kwenye herufi (c) kuna kisanduku kidogo ambacho watu wengi wanakiruka kwa sababu hakina pa kuandika kitu. Ni cha nyumba yenye kazi mbili tu, kama yenu. Kitie alama, na mumeo naye ajaze fomu mpya kiwandani akitie alama. Hahitaji kungoja aajiriwe upya: W-4 inabaki kwa mwajiri, haipelekwi IRS, yaani mamlaka ya kodi, na mfanyakazi anaweza kuibadilisha wakati wowote. Watoto waandikwe Hatua ya 3 kwenye fomu moja, ya mwenye mshahara mkubwa, yaani yake. Kwa fomu ya 2026 mvulana ni dola 2,200, kwa sababu mwaka utakwisha kabla hajafika 17, na Neema ni dola 500. Kwako Hatua ya 3 iache tupu.

Mtakapogombana ni hapa, kwa hiyo nakwambia mapema. Mkijaza hivyo, kwa mishahara uliyoniandikia, cheki yako itakatwa kodi ya mapato ya serikali kuu karibu dola 80 kila wiki mbili. Yake itakatwa kama dola 4. Asiyejua atasema mume ana akili ya pesa na mke analiwa na serikali. Kumbe ni kodi ya familia nzima, ila imekatwa mfukoni mwako, kwa kuwa watoto wamekaa kwenye fomu yake. Kama kila mmoja ana akaunti yake na pango mnachangia nusu kwa nusu, utakuwa unamlipia. Basi ama mfuko uwe mmoja, ama akufidie. (Kiswahili chetu kinaita kodi ya serikali na kodi ya nyumba kwa neno moja, nanyi mtagombania zote mbili.)

Kuhusu siri ya mshahara sina maneno mengi. Ritani ya pamoja ina saini zenu wote wawili, na IRS inaweza kumdai yeyote kati yenu deni zima. Anayeweza kudaiwa deni zima ana haki ya kuona slipu. Hilo la 2,278 ombeni kulilipa kidogo kidogo. Inaruhusiwa, ingawa riba inaendelea.

Mwanao mtoeni katikati. Mvulana wa miaka 15 kumsomea baba yake, mbele ya mama, kwamba hesabu yake imekosewa na anadaiwa! Baba wa Fizi gani atalipokea hilo kwa uso mkunjufu? Na kijana hana kosa lolote, alisoma kilichoandikwa. Mwambie baba yake amshukuru. Mkipiga simu IRS mnaweza kuomba mkalimani bila malipo, na msimu wa ritani, Januari hadi Aprili, kuna watu wa kujitolea wa VITA wanaowatengenezea bure wenye kipato cha chini na cha kati; ulizeni kwanza kama mnaingia.

Iowa ina fomu yake ya kodi ya jimbo, ulizia.  Na fomu ya I-9 utakayopewa pia hospitalini, ya kuthibitisha ruhusa ya kufanya kazi, ni jambo jingine: hati za kuonyesha unazichagua wewe kutoka kwenye orodha, mwajiri hana ruhusa ya kukulazimisha ulete kadi ya kijani.

Jumapili jioni wekeni mezani slipu mbili na fomu mbili. Akikataa kutoa yake, jaza yako hivyohivyo nilivyokueleza. Kwa hesabu ya mwaka mzima, alama yako peke yake ingeshusha deni mpaka kama dola 110. Miezi ambayo hoteli haikukukata itajitokeza Machi ijayo, labda uandike nyongeza Hatua ya 4(c). Ila akikataa, kodi ya familia yote itakuwa inatoka kwenye mashuka unayofua wewe. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo.