Kusomea Ushauri wa Afya ya Akili: Kijitabu kwa Watu wa Butembo na Beni

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni. Hadi ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeshika watu 3,470 na kuua 2,287. Kipindi hicho kilieneza kazi ambayo kabla yake wachache waliijua mitaani, ile ya mhudumu wa kisaikolojia, ambaye wengi wanamwita APS. Wengine walipewa mafunzo ya siku chache tu, wakavaa vizibao, wakaingia makartie ambako watu wa riposti walipokewa kwa mawe. Kazi waliijulia humo humo. Miradi ilipofungwa, walibaki na uzoefu mwingi na cheti kisichofungua mlango.

Upande wa pili wapo wenye lisansi ya saikolojia. Nadharia wanazitaja moja baada ya nyingine bila kukosea, lakini wengi wao hawajawahi kukaa saa nzima mbele ya mtu anayelia. Tumewaandikia wote hao.

Kazi yenyewe

Chukua mazishi ya wakati ule. Timu ilipofika nyumbani, aliyetangulia hakupaswa kuwa mwenye bomba la klorini mgongoni. Alitangulia mshauri, amevaa nguo za kawaida, akamtafuta mkubwa wa familia, akatoa pole, akakaa. Ndipo maswali yakafuata. Nani atasimama kushuhudia? Marehemu azikwe na nguo ipi, rozari ipi? Kaburi lichimbwe wapi? Palipo na subira, mazishi yalipita salama. Pengine haraka ilileta ugomvi, na wazikaji wakapigwa.

Beni na Butembo, kando ya vituo vya matibabu, UNICEF na washirika wake walifungua nyumba za kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Walezi walikuwa watu waliopona Ebola, kwa kuwa miili yao ilikwisha kupata kinga. Mtoto alipata mtu wa kumbeba. Mlezi naye, ambaye majirani walikuwa wakimkwepa, alipata kazi ya heshima. Hapo hakuna dawa iliyotolewa, na bado ni tiba.

Mlipuko ule umepita, lakini mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 pande za Beni hayajakoma. Mama aliyehama Oicha anafika kituo cha afya mara ya tatu kwa kichwa kuuma, na mara zote tatu anarudi na parasetamoli. Mshauri aliyefundwa vizuri hamwambii, "Tueleze ulichokiona." Anauliza, "Mama, usingizi ulikatika tangu lini?" kisha ananyamaza. Kunyamaza huko hakupatikani katika notisi. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ambao Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwaka 2011, unakataza kumlazimisha mtu asimulie yaliyompata, na hata hivyo kosa hilo tunaliona kila mwaka. Na mama huyo akisema kwamba alibakwa juzi, mshauri lazima ajue kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72. Kwanza hospitali, mazungumzo yatasubiri.

Njia ya shule

Zamani tulisoma miaka 3 ya graduati na 2 ya lisansi. Sasa Kongo inafuata LMD: miaka 3 ya lisansi, 2 ya masta, halafu udaktari. Kila mwaka una krediti 60. Kwa mshauri wa jamii, masta ndiyo hatua ya kuzamia kwenye kazi na wagonjwa.

Kisangani ina kitivo cha saikolojia na elimu chenye historia ndefu, ila safari ni ndefu na barabara haina usalama. Wengine huvuka Kasindi kwenda Uganda, ambako Chuo Kikuu cha Makerere kina masta ya saikolojia ya tiba. Huko masomo ni kwa Kiingereza, na ukirudi utahitaji usawazisho wa diploma kutoka wizara ya elimu ya juu Kinshasa. Anza kufuatilia karatasi hizo mapema. Chuo chochote kilicho karibu nawe, ulizia kama kina kibali cha wizara kabla ya kutoa minervali hata ya muhula mmoja.

Nani atakusimamia?

Hili ndilo swali tunalolijali kuliko yote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika mashariki mwa Kongo, kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kijinsia au kuushuhudia. Miezi 6 baada ya tiba ya vikundi, asilimia 9 walikuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi. Kwa wale waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, ilikuwa asilimia 42. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa na masta. Walikuwa wahudumu wa vijijini wenye miaka michache ya sekondari, waliofundishwa, kisha wakafuatwa kwa karibu na wasimamizi Wakongo.

Kwa hiyo masta usiitafute ili uwe bosi wa ofisi Goma. Itafute ili uweze kuwasimamia APS kumi wa zone yako ya afya: kusikiliza kesi zao kila wiki, kuwarekebisha, kuwapumzisha wanapochoka. Watu wa namna hiyo ndio haba.

Unapochagua chuo, uliza staji ni ya saa ngapi, inafanyika wapi, na msimamizi atakaa nawe mara ngapi kuzungumzia kesi. Wakikujibu kwamba utaandika ripoti tu mwishoni, tafuta kwingine. Uliza pia siri za wagonjwa zinatunzwaje. Butembo, dereva wa pikipiki aliyekuleta anaweza kuwa shemeji wa mgonjwa wako.

Wewe uliyekuwa APS wakati wa Ebola, tafuta sasa barua ya kuthibitisha kazi kutoka kwa aliyekuajiri, yenye tarehe na majukumu, kwa sababu miradi hufungwa na ofisi huhama. Kama una diploma ya serikali, mlango wa lisansi uko wazi, na barua hiyo ipeleke pamoja na maombi yako. Kuhusu mshahara, tuseme ukweli: ajira nyingi ni za mashirika na mikataba yake ni ya miezi. Wenye staji hospitalini hupata pia nafasi za kudumu, chache, mara nyingi katika hospitali za makanisa.