Virutubisho Nyongeza na Matibabu ya Maradhi ya Mitokondria: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mwenzi Wake

Maradhi ya mitokondria ni miongoni mwa maradhi ambayo jina lake huwafikia wenye nyumba muda mrefu baada ya dalili zake. Mke huchoka kwa kazi ambayo jana aliimudu. Kope za mume huanguka, masikio yake huwa mazito, kisha kisukari hujitokeza ingawa si mnene wala mzee. Daktari anapotamka jina la ugonjwa na kueleza kwamba haujapatikana wa kuuponya kabisa, mwenzi mzima hutoka mbio kutafuta msaada popote. Katika mbio hizo hukutana na soko la virutubisho nyongeza. Bidhaa nyingine katika soko hilo hutumiwa na madaktari wenyewe. Nyingine hazina ila lebo ya kupendeza. Somo hili linakusudia kumsaidia mlaji kutofautisha hizo mbili, na kulinda mambo mawili kwa pamoja: uhai wa mgonjwa na akiba ya familia.

Ugonjwa wenyewe

Karibu kila seli ya mwili ina mitokondria, vijitanuru vinavyogeuza chakula na hewa kuwa nishati. Vikiwa na kasoro, viungo vinavyohitaji nishati nyingi ndivyo huumia kwanza: ubongo, misuli, moyo, macho na masikio. Kwa sababu hiyo, ugonjwa mmoja huweza kuonekana kama magonjwa matano yasiyohusiana, na mgonjwa akazungushwa baina ya kliniki kadhaa bila yeyote kuuona mti mzima. Kadirio linalotumiwa sana na wataalamu ni mtu 1 kati ya 5,000. Ni ugonjwa adimu, lakini si wa kutokuwapo kwetu.

Chanzo chake ni kasoro katika vinasaba. Mitokondria ina vinasaba vyake 37, ambavyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Vinasaba vingine vingi vinavyoiendesha hutoka kwa wazazi wote wawili. Katika hayo mna mafunzo matatu. Kwanza, ugonjwa hauambukizi; kulala, kula na kuishi na mgonjwa hakuna hatari. Pili, haukutokana na kosa la mtu wala uchawi wa jirani, na ukweni hauna haki ya kumtupia mama lawama kwa kitu ambacho naye alikirithi bila kujua. Tatu, ni lazima kujua kasoro iko wapi kabla ya kuzungumza habari ya watoto: mwanamume mwenye kasoro katika vinasaba vya mitokondria kwa kawaida hawapi watoto wake, ilhali mwanamke huweza kuwapa.

Hospitali hutangulia duka

Tunasisitiza utaratibu huu kwa kuwa tumeona familia zikiugeuza. Fedha zinazotumika kwa chupa ya tano ya vidonge huenda zingelipia kipimo cha moyo ambacho mgonjwa hajawahi kufanyiwa. Katika maradhi haya moyo huweza kuharibika kimyakimya, na hitilafu ya mapigo yake ikigunduliwa mapema ina tiba. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, ulizeni kama mgonjwa amefanyiwa vipimo vya msingi: umeme wa moyo na picha yake ya mawimbi ya sauti, sukari ya damu, asidi laktiki, figo na ini, usikivu na macho. Vingi kati ya hivyo hupatikana katika hospitali za rufaa za mikoa na za kanda. Uchunguzi wa vinasaba ni mgumu zaidi kupatikana, na sampuli huweza kulazimika kupelekwa mbali. Ombeni daktari bingwa wa mishipa ya fahamu awaelekeze, na pateni maelezo ya gharama kwa maandishi. Wenye bima ya afya waulize mapema kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi.

Mwombeni daktari pia muhtasari wa ukurasa mmoja, na ukae katika mkoba wa mgonjwa. Uandikwe jina la ugonjwa, dawa anazotumia na dawa za kuepukwa. Mbili zinastahili kutajwa hapa. Valproeti, dawa ya kifafa inayotumika sana, huweza kuua ini la mgonjwa mwenye kasoro katika kinasaba kiitwacho POLG. Gentamaisini na jamii yake, ikiwamo streptomaisini, huweza kumfanya kiziwi mtu mwenye kasoro fulani ya mitokondria. Hatusemi mgonjwa aache mwenyewe dawa aliyopewa; kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege la hatari. Tunasema kila daktari, mfamasia na mtoa dawa ya usingizi aambiwe habari za ugonjwa kabla hajaandika dawa.

Kukaa na njaa muda mrefu nako humwumiza mgonjwa, kwa kuwa mwili wake hauna akiba ya kutosha ya nishati. Anayenuia kufunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, azungumze na daktari wake na kiongozi wake wa dini mapema; dini zetu zina nafasi ya mgonjwa. Mazoezi mepesi ya kawaida, yanayoongezwa kidogo kidogo kwa ushauri wa daktari, yameonekana kuwafaa wagonjwa wengi, nayo hayauzwi kwa chupa.

Degedege, kutapika mfululizo, kupooza au kupoteza kuona kwa ghafla, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida au kuzirai ni dharura. Hapo hakuna kirutubisho cha kujaribiwa nyumbani. Ni kwenda hospitali mara moja.

Virutubisho: kinachojulikana

Madaktari wengi wa maradhi haya huwapa wagonjwa mchanganyiko wa virutubisho. Vinavyotajwa zaidi ni koenzaimu Q10, riboflavini yaani vitamini B2, asidi ya alfalipoiki, karnitini na kreatini. Hoja yake inaeleweka: ni vitu ambavyo mitokondria huvitumia katika kazi yake au vinavyoikinga. Lakini hoja nzuri si ushahidi. Mapitio ya kitaalamu ya Cochrane ya mwaka 2012 yalichambua majaribio 12, na hayakupata uthibitisho wa wazi kwamba tiba yoyote kati ya zilizojaribiwa inasaidia. Mwaka 2015 chama cha wataalamu wa tiba ya mitokondria kilitoa maafikiano kwamba koenzaimu Q10 inafaa kupendekezwa kwa wagonjwa wengi, pamoja na riboflavini na asidi ya alfalipoiki; karnitini itolewe pale inapopungua mwilini. Maafikiano hayo yalitokana zaidi na uzoefu wa wataalamu kuliko majaribio makubwa.

Kuna vighairi vyenye uzito. Mgonjwa ambaye kasoro yake ni mwili kushindwa kutengeneza koenzaimu Q10 huweza kunufaika sana akiipata mapema na kwa kipimo kikubwa. Hii ndiyo faida ya kujua aina ya ugonjwa: kitu kilekile huwa tiba kwa mmoja na jaribio tu kwa mwingine.

Virutubisho navyo vina madhara. Koenzaimu Q10 huweza kupunguza nguvu ya warfarini. Asidi ya alfalipoiki huweza kushusha sukari ya mtu anayetumia dawa za kisukari. Vitamini B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na bayotini nyingi huweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu. Karnitini huweza kuleta kichefuchefu, kuharisha na harufu ya samaki mwilini. Riboflavini hugeuza mkojo kuwa wa njano kali, jambo lisilo na madhara. Muuzaji akikwambia hiyo ni sumu inayotoka, amekudanganya.

Daktari akikubali jaribio, lifanyike kwa mpango. Anzeni na kirutubisho kimoja, si vitano kwa siku moja. Mkianza vyote pamoja hamtajua kipi kimesaidia wala kipi kimedhuru. Andikeni kabla ya kuanza: mgonjwa hutembea hatua ngapi bila kupumzika, huamka mara ngapi usiku, huweza kupika au kufua kwa muda gani. Wekeni tarehe ya kupima tena pamoja na daktari. Siku hiyo aulizwe mgonjwa mwenyewe kwanza. Mwenzi mwenye mapenzi huona nafuu anayoitamani, na mgonjwa mwenye huruma huitikia ili asimvunje moyo aliyetumia fedha. Kama hakuna tofauti, kuacha kwa ushauri wa daktari si kumtelekeza mgonjwa.

Kusoma lebo na kupiga hesabu

Bei ya chupa haisemi bei ya tiba. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si wa bei za sokoni. Daktari ameagiza miligramu 300 za koenzaimu Q10 kwa siku. Chupa ya kwanza ina vidonge 60 vya miligramu 100 kwa Sh 90,000. Chupa ya pili ina vidonge 60 vya miligramu 30 kwa Sh 45,000, na inaonekana rahisi kwa nusu. Kwa chupa ya kwanza mgonjwa atameza vidonge 3 kwa siku, itamaliza siku 20, na gharama itakuwa Sh 4,500 kwa siku. Kwa ya pili atameza vidonge 10, itakwisha kwa siku 6, na gharama itakuwa Sh 7,500 kwa siku. Ile ya rahisi ndiyo ya ghali. Hata hiyo ya kwanza itaidai familia Sh 1,642,500 kwa mwaka. Hesabu hiyo ijulikane kabla ya kuuza shamba au kukopa kikoba, maana ugonjwa huu ni safari ndefu.

Tazameni pia kipimo kilichoandikwa ni cha kidonge kimoja au cha vidonge kadhaa kwa pamoja. Lebo iwe na jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, na orodha ya viambato pamoja na kiasi cha kila kimoja. Maneno kama “mchanganyiko maalumu” yasiyotaja kiasi hayamfai mgonjwa ambaye daktari wake anahitaji kujua anameza nini. Nunueni katika duka la dawa lililosajiliwa au kwa muuzaji anayetoa risiti, si kwa mtu anayekutana nanyi stendi na kutoweka.

Dalili za udanganyifu

Jihadharini na muuzaji anayeahidi kuponya maradhi ya vinasaba. Hakuna kirutubisho kilichothibitika kufanya hivyo. Jihadharini na bidhaa moja inayodai kutibu kisukari, saratani, kifafa na ugumba. Jihadharini na anayekutaka uache dawa za hospitali ili “dawa isigongane”, anayetumia shuhuda badala ya vipimo, anayekuharakisha kwa punguzo linalokwisha leo, na anayekutaka ujiunge na mtandao wa wauzaji ili upate bei nafuu. Huyo wa mwisho amemgeuza mgonjwa wako kuwa mtaji.

Haki zenu na mahali pa kwenda

Kwa Tanzania, dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dawa za asili ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulizeni muuzaji bidhaa yake imesajiliwa wapi na kwa namba gani, kisha hakikisheni kwa mamlaka husika wenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya namna hiyo. Tunzeni risiti, chupa, lebo na ujumbe wa simu; lalamiko lenye ushahidi husikilizwa upesi. Mgonjwa akipata madhara, pelekeni chupa yenyewe hospitalini na ombeni taarifa ifikishwe TMDA.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kulipa, mume na mke wakae pamoja na kujibu:

1. Je, daktari anayemtibu mgonjwa anajua kirutubisho hiki na amekikubali?
2. Je, moyo, sukari, macho na masikio vimepimwa, na lini?
3. Je, tunajua gharama ya siku moja na ya mwaka mzima?
4. Je, tumeandika hali ya sasa na tarehe ya kupima tena?
5. Je, kuna dawa yoyote tuliyoambiwa tuiache, na nani alisema?
6. Je, mgonjwa mwenyewe anataka?

Jibu la “hapana” au “hatujui” katika swali lolote kati ya yale manne ya mwanzo ni sababu ya kusubiri. Katika la tano, aliyewaambia akiwa si daktari, rudini kwa daktari siku hiyohiyo. La sita likijibiwa “hapana”, funga mkoba. Mwili ni wake.