Simu ya Upepo na Sajili ya Dharura

Makala haya yanaangazia sajili ya redio za askari na waokoaji. Katika chombo hicho, ambacho Watanzania hukiita simu ya upepo, abonyezaye kitufe ndiye asemaye. Wengine husikiliza tu. Ndiyo maana kila zamu ya usemi hufungwa kwa neno la kukabidhi, aghalabu "ova".

Uthiru, mpakani mwa kaunti za Nairobi na Kiambu, ni kielelezo kizuri: ajali moja katika Barabara ya Waiyaki yaweza kuita askari wa pande mbili. Wasipokuwa na masafa ya pamoja, ufasaha wao ni bure.

Barabara iyo hiyo hufika Westlands, liliko jengo la Westgate. Huko, tarehe 21 Septemba 2013, polisi wa kikosi cha Recce na wanajeshi waliwakabili magaidi bila mtandao mmoja wa redio. Kamanda wa polisi akauawa kwa risasi zilizoripotiwa kuwa za wanajeshi. Mwaka 2014 Serikali iliipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9 ili kuunganisha mawasiliano ya polisi.

Mitambo ni kazi ya wahandisi. Istilahi ni ya wanaisimu. "Pokea" lingefaa badala ya "ova": silabi zake tatu ni wazi, na hata katika mkwaruzo wa redio ni vigumu kulidhania "ngoja".