Akili Mnemba na Hadithi Yako: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Nahariri hadithi fupi. Tangu programu ya akili mnemba ya ChatGPT itoke Novemba 2022, miswada inazidi kufanana: kijiji kando ya bahari, bibi mwenye busara, kijana aliyerudi kutoka mjini, machozi, kukumbatiana.

FANYA

Andika rasimu ya kwanza peke yako. Mwaka 2024 jarida la Science Advances lilitoa utafiti wa Anil Doshi na Oliver Hauser. Waandishi waliopewa mawazo na mashine walionekana wabunifu kuliko waliojitegemea, lakini hadithi zao zilifanana zaidi zenyewe kwa zenyewe. Kila mmoja alipata sifa yake. Msomaji ndiye aliyepunjwa.

Amua mwisho kabla hujawasha kompyuta. Mashine hukimbilia suluhu. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), Rosa anajiua. Mashine ingemrudisha kwa baba yake waombane radhi, na riwaya ingekufa hapo.

Soma mazungumzo kwa sauti. Utingo aseme kama utingo.

USIFANYE

Usiiombe mashine "iboreshe" ukurasa wako. Itaupiga randa mpaka usibaki na alama ya mkono wako. Kijana mmoja aliniletea hadithi ya mama muuza samaki wa Feri, Dar es Salaam. Katika rasimu ya kwanza mama alimwambia mteja: "Kama hununui nipishe, jua linanichomea samaki." Niliisoma mara mbili kwa raha. Wiki iliyofuata akaleta toleo lililopitishwa kwenye programu: "Tafadhali, naomba unipishe ili niendelee na biashara yangu." Nani anauza samaki hivyo? Mama yule alikuwa hai, na mwandishi wake mwenyewe akamfuta. Nilimwambia arudishe rasimu ya kwanza, makosa ya tahajia nitayasahihisha mimi. Hiyo ndiyo kazi ya mhariri.

Usiiachie mashine ikuchagulie majina ya wahusika. Nimechoka na akina Amani. Jina hubeba kabila, dini, hata hali ya nyumba siku mtoto alipozaliwa. Ukimwita mtu Masumbuko, umeshaanza kusimulia.

Usitume kazi ya mashine kwa jina lako. Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani lilisimamisha kwa muda kupokea hadithi, kwa sababu lilifurikwa na kazi za mashine. Waliokesha wakiandika wenyewe nao walikuta mlango umefungwa.