Neno «risasi» katika tafsiri: somo kutoka kwa bastola ya Webley

Mwaka huu nilipewa zoezi la kutafsiri kwa Kiswahili mwongozo mfupi wa Kiingereza kwa wakusanyaji wa bastola za zamani za jeshi la Uingereza. Nililiona jepesi. Bastola ni bastola, na masasi hata mtoto wa Lubumbashi anayajua.

Bastola yenyewe ni Webley Mk VI, iliyoanza kutumiwa na jeshi hilo mwaka 1915 na kutengenezwa Birmingham. Ina silinda yenye matundu sita. Ukiifungua, mtutu unainama na maganda yote yanasukumwa nje kwa pamoja. Mwenzangu alitaka tuiite silinda «kipipa», kwa kufuata barillet ya Kifaransa. Tulicheka sana. Nilibaki na silinda, neno ambalo kila fundi wa magari analielewa.

Shida ilikuwa kwenye onyo. Webley hiyo iliundwa kwa kipimo cha .455. Nyingi ziliuzwa baadaye Marekani, ambako risasi za kipimo hicho zilikuwa adimu, basi mafundi wakachonga nyuma ya silinda ili ipokee .45 ACP. Inaingia vizuri kabisa. Lakini ile ya kiwandani ina msukumo wa gesi unaozidi ule ambao silinda iliundwa kuustahimili, na silinda yaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Mimi niliandika hivi:

«Risasi za .45 ACP zaweza kutumiwa, baruti ikiwa kidogo. Risasi za .45 ACP za kiwandani zisitumiwe.»

Mwenzangu aliyenisahihisha aliuliza: «Hizo za kwanza zinatoka wapi, kama si kiwandani?» Sikuwa na jibu. Kiingereza kilikuwa kimetaja vitu viwili, nami nikavipa jina moja. Kifaransa nacho kinatenganisha douille, cartouche na balle. Kwetu «risasi» inabeba yote, pamoja na madini yenyewe ambayo wakusanyaji huyayeyusha na kuyamimina kwenye kalibu. Risasi ya risasi, basi!

Nilianza upya. Ganda ni kile kikombe cha shaba nyeupe au njano. Ndani yake mna baruti. Kwenye kitako chake kuna fataki inayogongwa na nyundo. Kichwa ndicho kinachoruka. Vyote vikiungana ni risasi nzima. Sentensi ikawa:

«Ganda tupu la .45 ACP laweza kujazwa upya kwa baruti kidogo. Risasi nzima ya kiwandani isitiwe kamwe.»

Tangu sheria za 1997, Mwingereza wa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola nyingi. Baadhi ya zile za kihistoria hupigwa kwa kibali maalumu kwenye viwanja vichache vilivyoidhinishwa, kama Bisley. Wasomaji wa mwongozo huo ni wachache, lakini mikono yao ni ya kweli.

«Kichwa» bado hakijaniridhisha, maana kwenye nyundo pia kuna kichwa. Mwenye neno bora aniletee kabla ya zoezi lijalo.